Muulize Mzee wa Santuri: Hii besi ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Santuri. Juzi nilikuwa saluni nanyolewa, kinyozi akaweka wimbo unaitwa Bra wa bendi inaitwa Cymande, yani ile besi imenikaa kichwani wiki nzima. Yeye anasema hao ni Wamarekani wa enzi za James Brown, mimi nikacheki kwenye simu nikaona wanasema ni wa London, tukawekeana kreti ya soda. Nani kashinda? Na kama ni wakali hivyo mbona huku mtaani hakuna anayewajua? (Kichwa Kinacheza, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kinyozi alipe kreti, ila usimcheke sana maana wengi wameingia mkenge huo huo. Cymande ilianza London mwaka 1971, vijana wenyewe walitoka Karibi, wengine Guyana wengine Jamaika, wakalelewa kusini mwa London. Jina lenyewe wamelitoa kwenye kalipso, maana yake njiwa, ndo maana ukiona kava la santuri zao utamkuta huyo ndege.

Na wewe wa Moro nikutahadharishe, ukiambiwa muziki wao ni jazz-funk usije ukatafuta humo Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, huku kwetu jazz ilikuwa jina tu la bendi ya dansi. Hawa wamechukua jazz yenyewe wakachanganya na funk (ule muziki wa kina James Brown, wa besi na ngoma za kuchezesha), kalipso na ngoma za Marasta, wakauita nyah-rock.

Sasa hiyo besi. Mpigaji ni Steve Scipio, na gitaa ni jirani yake Patrick Patterson. Sikiliza Bra pale katikati, vyombo vinajitoa kimoja kimoja mpaka inabaki besi na ngoma, na jamaa wala hana haraka, anarudia kale kale kamstari kake kama mtu anasukuma mtoto kwenye bembea. Bendi nyingi za funk wakati huo kila mtu alitaka asikike, hawa wanaachiana nafasi, na kwangu mimi hapo ndo wanawapita wengi wenye majina makubwa (najua kuna watu wataninunia). Madijei wa Bronx, kule New York, walikapenda hako kapande wakawa wanakarudisha na santuri mbili ili watu wasiache kucheza.

Mbona hawajulikani? Kwao kwenyewe hawakupewa nafasi, mwanangu. Produsa John Schroeder aliwakuta kwa bahati tu wanafanya mazoezi kwenye klabu moja Soho, albamu ya kwanza ikatoka 1972, wimbo wa The Message ukaingia chati za Marekani, wakazunguka huko na mwimbaji wa soul Al Green, wakapiga mpaka Apollo, ukumbi maarufu wa watu weusi pale Harlem, New York. Wanarudi Uingereza, kimya, redio haziwapigi, watu weusi wa pale pale London hawakuhesabiwa kuwa na muziki wa kuuza. Albamu tatu, ikifika katikati ya miaka ya 70 wakakunja virago. Scipio na Patterson wakasomea sheria wakawa mawakili kabisa!

Ila nyimbo ndo hazikulala. Kundi la hip hop la De La Soul walisampo Bra 1989 (yani walikata kipande wakajengea wimbo wao), Spike Lee akaiweka kwenye filamu ya Crooklyn 1994, kundi jingine la hip hop, Fugees, nao 1996 wakachukua wimbo wa Cymande unaoitwa Dove wakajengea wimbo wao The Score. Kwa hiyo besi ya Cymande umeisikia zamani sana, ulikuwa tu hujaambiwa ni ya nani. Na wazee walirudi stejini, 2015 wakatoa albamu, na nyingine 2025.

SWALI LA PILI (huyo huyo, kwa meseji): Mzee, nianze na ipi?

JIBU: Ile ya 1972 yenye jina lao, yote, usiruke. Dove ina karibu dakika kumi na moja kwa hiyo usiiweke ukiwa na haraka. Na tafadhali usisikilizie spika ya simu, mimi mwenyewe mara ya kwanza niliisikia hivyo nikasema mbona wa kawaida tu, kumbe besi yote imemezwa kinabaki kitu cha mbu mbu. Tafuta hedifoni, au rudi kwa kinyozi, inaonekana ana spika nzuri, na soda zako si ziko kule kule.