Daftari la Karanga

Wiki iliyopita mliuliza: mtu anayemchukua mbwa aliyeokolewa, akamlea miezi miwili mitatu, kisha akamkabidhi kwa mtu mwingine, je, anamsaidia au anamtesa mara ya pili? Jirani yangu aliposoma swali hilo aliniletea gazeti mpaka jikoni akasema, "Hili ni lako." Kweli ni langu. Nimelea mbwa sita kwa njia hiyo hapa nyumbani kwetu Arusha, na mmoja kati yao nilimkosea. Naomba nianze na huyo.

Tulimwita Bosi. Alikuwa dume mkubwa mwenye kovu la kamba shingoni. Kituo kidogo cha kuokoa wanyama kilichoko nje ya mji kilikuwa kimejaa, wakaniomba nikae naye mpaka apatikane wa kumchukua moja kwa moja. Kwangu alikuwa mpole kabisa. Alikuwa na jambo moja tu: hakuweza kufungwa. Ukimfunga, hata kwa kitambaa laini, alihema, udenda ukamtoka, akaitafuna kamba mpaka fizi zikatoa damu. Nami nikaona dawa yake ni kutomfunga, basi.

Wiki ya saba akaja baba mmoja mwenye duka, mtu mwema, anatafuta mbwa wa kulinda. Akaniuliza kama Bosi ana tabia yoyote ya kumsumbua mtu. Nikamwambia hana. Nilijua fika kwamba kwake mbwa atafungwa mchana na kufunguliwa usiku, kama ilivyo katika nyumba nyingi huku kwetu, na bado nikasema hana, kwa sababu nilitamani sana Bosi apate kwao.

Siku ya kumi na mbili alimng'ata mtoto wa yule baba mkononi, mtoto alipokuwa anamsogezea sahani. Bosi alikuwa kwenye mnyororo. Mama wa mtoto alijua la kufanya, namshukuru mpaka leo: aliliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, ndipo wakakimbilia hospitali, mtoto akaanzishiwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa. Bosi alikuwa na kadi ya chanjo. Aliwekwa chini ya uangalizi siku 10, kwa kuwa mbwa ambaye mate yake tayari yanaambukiza huugua na kufa ndani ya muda huo. Hakuugua. Mtoto akapona, kovu dogo likabaki. Lakini Bosi alirudishwa kituoni, na kwenye karatasi zake ikaandikwa kwamba anauma. Mbwa mwenye neno hilo hachukuliwi na mtu. Alizeekea palepale. Jumamosi nilikuwa nampelekea mifupa, naye alianza kulia kwa furaha akisikia viatu vyangu kwenye kokoto, kabla sijafika getini.

Kwa hiyo nawajibu: mateso ya mara ya pili yapo, nimeyaona kwa macho yangu, na niliyasababisha mimi. Hayakutokana na kuagana. Yalitokana na kumtoa mbwa bila kutoa na habari zake. Tangu siku ile naiona kazi ya mlezi wa muda kuwa ni kumjua mbwa kwa niaba ya mtu ambaye bado hajafika. Chakula, dawa, kuogesha, hayo yote ni ya lazima lakini ndiyo mepesi.

Karanga aliletwa masika yakianza. Alikuwa jike wa kama mwaka mmoja, ameokotwa karibu na dampo. Wengi wanaookotwa huku ni majike. Mbwa akizaa, watu wanabakiza madume kwa ulinzi na majike wanatupwa wangali wadogo, maana jike huingia kwenye joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba yake ni miezi miwili tu, na hakuna anayetaka kuhangaika na watoto sita au wanane kila mara. Binti yangu wa miaka tisa ndiye aliyempa jina, kwa ile rangi yake ya karanga zilizokaangwa.

Alikuwa na kilo 9. Kupe walikuwa wamejipanga ndani ya masikio kama punje za mtama. Mgongoni mtu alikuwa amemmwagia oili chafu ya gari. Hapa nawaomba wasomaji, kwa moyo wangu wote, tuache jambo hili. Watu wanaamini oili inatibu upele wa mbwa. Inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, halafu mbwa anajilamba na sumu yote inaingia tumboni. Upele una dawa zake, muulizeni daktari wa mifugo. Daktari wetu alimfunua Karanga mdomo akanionyesha fizi nyeupe kama karatasi, akapima damu, akasema ni ugonjwa wa kupe. Akampa doxycycline, vidonge vya siku 28. Nilivificha ndani ya tonge la ugali lililochanganywa na dagaa, na siku zote 28 alilimeza tonge huku ananiangalia, akijua kabisa kuna kitu.

Mume wangu alinikumbusha, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamwambia kwa mbwa wa aina hii siku ya tatu ndiyo kwanza anainua macho. Wanaofanya kazi hii wana hesabu yao: siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea ratiba ya nyumba, miezi mitatu ndipo mbwa anakuonyesha alivyo. Si sheria, lakini kwa Karanga ilikaribia sana. Siku tatu za kwanza alikaa chini ya simtanki, kwenye tope, akatoka usiku tu kunywa maji.

Wiki ya kwanza niligundua kitu cha ufagio. Nilikuwa nafagia uwanja asubuhi kwa ufagio wa chelewa, nikageuka, nikamwona amelala ubavu, mkia katikati ya miguu, mkojo unatiririka. Sikuwa hata karibu naye. Nikauweka ufagio chini nikaondoka. Kuanzia hapo nikawa nafagia akiwa nyuma ya nyumba, na jioni nikawa naulaza ufagio katikati ya uwanja na kumwaga dagaa wachache hatua tano kutoka pale, nakwenda kukaa ngazini bila kumtazama. Siku ya nne alikula wale dagaa. Nikawasogeza hatua nne. Kisha tatu. Ikanyesha wiki nzima, tukarudi nyuma mpaka tano. Jioni moja, katikati ya Mei, nikiwa nachambua mchele, nilisikia chelewa zinavunjika. Karanga alikuwa amesimama juu ya ufagio kwa miguu yote miwili ya mbele, anatafuta dagaa aliyezama kati ya njiti. Nilibaki na ungo mapajani, sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

Hayo yote niliyaandika. Nina daftari la shule la kurasa 80 kwa kila mbwa. La Karanga lina mistari kama hii: haogopi radi, anaogopa mtu anayeinama kuokota kitu; usimshike kichwa kwa juu, anza kidevuni; bodaboda zinapita hajali, lakini mtu akitembea na fimbo ananguruma; mtoto akikimbia, anakimbia naye, haumi. Niliandika pia kuhusu kuku, tena kwa herufi kubwa. Huku kwetu mbwa anayekula kuku, au mbaya zaidi anayeonja mayai, maisha yake huwa mafupi. Nilimzungusha kwenye banda la jirani akiwa kwenye mkanda kila siku kwa mwezi, na nikaweka yai moja bichi uwanjani nikamchungulia dirishani. Alilinusa akaliacha. Tarehe ya yai imo daftarini.

Jirani ninayemtaja ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafi. Mbwa wangu wa kwanza alipokuja, nilimfuata mapema kabla ya maneno kuanza. Kwao mate ya mbwa ni najisi, chombo kikiguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Tukakubaliana: mbwa wasivuke ua upande wa kamba zake za nguo wala mkeka wa watoto, na bakuli zao zisichotee bombani kwake. Sijavunja hata siku moja. Ni yeye aliyenisimulia hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa aliyekuwa anakula udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Naandika hili kwa sababu nasikia watu wakisema majirani Waislamu ndio kikwazo. Wangu alikuwa wa kwanza kuniuliza kila asubuhi, "Mgonjwa ameamkaje?"

Alipofikisha kilo 13, Karanga alifungwa kizazi na kuchanjwa. Nilikata fulana yangu ya zamani nikamvisha asilambe mshono kwa wiki mbili. Baada ya hapo wakaanza kuja watu.

Wa kwanza akauliza, "Ni mkali?" Wa pili akamwangalia chini ya tumbo akasema, "Kumbe jike," na hata nilipomweleza kwamba hatazaa tena, alishaanza kuaga. Wa tatu alitaka kumpa mwanawe kwenye siku ya kuzaliwa, mtoto mwenyewe hajaulizwa wala hakuja. Wa nne alisema mbwa koko huleta kichaa. Huyo nilimkalisha nikampa chai, kwa sababu hofu yake ni ya haki, ugonjwa ule ukishaonyesha dalili hauponi. Nikamweleza kinachouzuia ni chanjo: eneo likichanja mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa unakosa pa kupitia. Kuwapiga risasi hakufiki huko, maana waliokufa nafasi zao hujazwa na wengine wasiochanjwa. Septemba 28 ikifika, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure, mpelekeni hata wa jirani. Hakumchukua Karanga, lakini alisema atampeleka mbwa wa kaka yake.

Wote wanne niliwaambia hapana au waliondoka wenyewe. Kila mara moyo wangu ulifurahi kidogo kwamba anabaki, na hiyo furaha nimejifunza kuiogopa. Nyumba yangu ina nafasi ya mbwa mmoja. Nikimbakiza Karanga, yule atakayeokotwa mwezi ujao anabaki dampo.

Wa tano alikuwa mama mmoja wa Ngaramtoni, mfugaji wa mbuzi, anaishi na mjukuu wake. Alisimama getini, hakuingia, akamtazama Karanga muda mrefu. Kisha akasema, "Shikamoo nitaipokea baadaye, mwanangu. Huyu anaogopa nini?"

Katika miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilileta daftari. Tulikaa kwenye benchi tukasoma ukurasa kwa ukurasa, mimi nasoma, yeye anauliza. Alikuja mara tatu kabla ya kumchukua, mara ya pili na mjukuu. Nilimwomba ahadi moja: akishindwa, hata usiku wa manane, amrudishe kwangu, asimpe mtu mwingine wala asimfungulie njiani. Akakubali, tukaandika, akatia sahihi.

Binti yangu alilia siku mbili. Sikumkataza. Tangu siku ya kwanza huwa namwambia huyu ni mgeni wetu, na nadhani anaelewa, lakini kuelewa hakuzuii machozi, hata yangu hayakuzuilika. Karanga aliondoka nyuma ya gari na kipande cha kanga alichokuwa analalia, hakijafuliwa kwa makusudi. Ufagio wa chelewa uliondoka naye pia, ule ule, pamoja na daftari.

Yule mama alinipigia siku ya tatu kusema amejificha nyuma ya kuni. Nikamwambia ndivyo, angalia ukurasa wa pili. Siku ya tisa akapiga kusema amekula dagaa. Jumapili iliyopita akapiga tena.

"Mwalimu, huyu halali kwenye kibanda nilichomjengea."

Nikashtuka. "Analala wapi?"

"Kwa mbuzi. Kila usiku anapita chini ya mlango, anajikunja katikati ya watoto wawili wa mbuzi, na mama yao hasemi kitu. Hili hukuliandika."

Sikuliandika kwa sababu sikulijua. Kwetu hakuna mbuzi. Nilimwambia ukurasa wa mwisho nimeuacha wazi, aliandike. Akasema ameshaandika.