Foleni ya kliniki ya kina mama ianze kupunguzwa nyumbani

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniandikia. Kavuka daraja la Kigongo–Busisi alfajiri, kafika hospitali ya rufaa hapa Mwanza, kashinda benchi, jioni kamwona bingwa na kupewa karatasi ya kwenda kupiga ultrasaundi. Kliniki tena mwezi ujao. "Dada, wewe ulifanyaje?" Tuliposherehekea daraja Juni 2025 tulidhani tumeagana na foleni ya kivuko, kumbe nyingine inatungoja ng'ambo.

Mimi nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Hedhi haikatiki, kazini natoka nimejifunga kanga mbili, na kila nikifika kliniki naambiwa rudi. Mara barua ya rufaa haina muhuri, mara picha ni ya zamani. Siku ya upasuaji wakapima wingi wa damu, ikaonekana iko chini, nikatolewa kwenye orodha. Ningeambiwa mapema si ningekuwa nimeanza vidonge vya madini chuma zamani? Nesi akanijibu, "Mama, ungeuliza." Niulize nini nisichokijua? Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikarudi kituo cha afya cha mtaani kwetu. Pale wakanipima damu, wakanipa vidonge (usivimeze na chai, chai inazuia madini yasiingie mwilini), nikapiga picha mpya, barua ikaandikwa upya na muhuri wake. Niliporudi kwa bingwa hakuwa na pa kunituma tena. Nikapasuliwa, nikapona, na sasa napanda meli ya Ukerewe bila kanga ya akiba kwenye mkoba. Wenzangu hunipigia simu kabla ya kwenda kliniki, nami najivunia!

Kwa hiyo dada zangu, vipimo kwanza. Ultrasaundi ya tumbo kunywa maji kibofu kijae, la sivyo utarudishwa nje ukanywe usubiri upya. Andika tarehe ya hedhi ya mwisho. Na kama unataka tu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, benchi la bingwa unalifuatia nini? Kipimo cha siki (wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia) kinafanyika kwenye vituo vingi vya afya vya serikali na majibu unapewa papo hapo, mradi usiwe hedhini. Narudia: vipimo kwanza, halafu bingwa.

Mtasema namtwisha mgonjwa kazi ya hospitali. Ndiyo, namtwisha. Wakubwa wa kliniki wangeweza kumpangia kila mama saa yake badala ya kutuita wote saa moja asubuhi, na kubandika mlangoni orodha ya vinavyotakiwa. Karatasi moja tu! Wasipobandika, tutaandikiana wenyewe.

Ila ukitoka damu mpaka kizunguzungu, au una mimba na damu inatoka, achana na mipango yangu yote. Nenda dharura saa hiyohiyo, barua itafuata.