Haki za aina mpya za mimea: maswali yenu

Mahindi yetu yamepita majaribio ya kitaifa na kuorodheshwa. Sasa ni yetu peke yetu?

Bado. Kuorodheshwa kunakuruhusu kuuza mbegu tu. Haki ya mgunduzi, inayozuia wengine kuuza aina yako bila idhini, huombwa kwa fomu yake, ingawa mambo yote mawili hushughulikiwa na KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la ukaguzi wa mimea, pale Karen, Nairobi. Na usichelewe: ikiwa mbegu ilianza kuuzwa humu nchini zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ombi, kisheria si mpya tena, hata iwe bora namna gani. Kwa mauzo ya nje ni miaka 4, au 6 kwa miti na mizabibu. Omba kabla pakiti ya kwanza haijatoka ghalani.

Ripoti ya majaribio inasema waridi letu halitofautiki na jingine, na sisi tunaona tofauti waziwazi. Rangi hupimwaje?

Kwa chati ya rangi ya RHS, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Petali huwekwa juu ya karatasi nyeupe, adhuhuri, katika chumba kisichoingiza jua moja kwa moja, au ndani ya kabati lenye taa maalum. Ukilinganisha ndani ya kivungulio saa kumi jioni, utapata jibu lingine. Tazama kwenye ripoti mlilinganishwa na aina gani, kwa sababu hoja yenu lazima iihusu hiyo.

Kagueni pia miche mliyopeleka. Katika mimea 6, unaruhusiwa 1 tu usiofanana na mingine. Ukipatikana wa pili, ombi linaanguka kwa kutofanana. Mara nyingi kosa huanzia shambani: vipandikizi vimechanganyika, au mmea una virusi. Miche iliyotoka tu maabara ya tishu nayo huweza kuonyesha sura ya utoto isiyo ya aina yenyewe. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure, na inauma kwa sababu kukagua miche ni kazi ya asubuhi moja.

Tawi moja la waridi la kampuni limetoa ua la rangi mpya. Naweza kulisajili?

Unaweza, ukilizalisha kwa vipandikizi na rangi ikadumu kizazi baada ya kizazi. Lakini chini ya mkataba wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, wa 1991, ambao Kenya iliingia 2016, aina kama hiyo huweza kuhesabiwa kuwa imetokana na ile ya kwanza. Ikiwa ya kwanza bado inalindwa, huuzi bila idhini ya mwenyewe. Zungumza naye mapema.

Mwaka wa pili sasa, hatujajibiwa. Tulalamike wapi?

Jaribio lenyewe, kwa mimea mingi, ni misimu miwili, hilo haliharakishwi. Kupokea ombi, kukagua fomu na kutuma ripoti ndizo kazi za kufuatilia, na hati ya huduma ya KEPHIS hutaja siku na ada zake. Andikeni barua yenye nambari ya ombi, mdai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinawapa haki hiyo. Wakinyamaza, nendeni kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya idara za serikali. Mkipinga uamuzi wenyewe, rufaa ni kwa jopo la mbegu na mimea lililoundwa chini ya Sura ya 326 ya Sheria za Kenya, yaani sheria ya mbegu na aina za mimea.