Pua iliyopinda: kuinyoosha ni kubadilisha umbile la Allah?

SWALI: Asalaam aleykum sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 23. Nikiwa mdogo nilipigwa kiwiko cha pua tukicheza mpira, sikupelekwa hospitali, ikapona ikiwa imepinda kushoto. Tundu moja karibu halipitishi hewa, usiku nalala mdomo wazi na nakoroma sana. Daktari wa masikio, pua na koo kasema inanyooshwa kwa operesheni, ila kuna ndugu msikitini kaniambia nikifanya hivyo nimebadilisha umbile la Allah na laana itanipata, bora nisubiri. Halafu dada yangu pua yake haina shida yoyote ila anaiona pana, anasema kama mimi naruhusiwa basi na yeye aipunguze. Tusaidie sheikh.

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu nianze na jibu lenyewe usije ukalala na wasiwasi usiku mwingine: nenda katibiwe. Operesheni yako inajuzu, ni matibabu, na huyo ndugu wa msikitini naamini nia yake ilikuwa njema ila hadithi kaishika nusu.

Hadithi anayoikusudia ni ya Abdullah bin Masud, Allah amridhie, ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba wamelaaniwa wanaochanja chale na wanaochanjwa, wanaonyonyoa nyusi, na wanaochonga meno wapate mwanya kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha umbile la Allah. Sasa shika hapo hapo kwenye "kwa ajili ya uzuri". Imamu Nawawi alipoieleza akasema kilichokatazwa ni kufanya hivyo kutafuta uzuri, ama mtu akihitaji kwa matibabu au kwa kasoro iliyopo kwenye jino hakuna ubaya. Na kwa Abu Daud kuna riwaya ya Ibn Abbas inayotaja waliolaaniwa kwa kuunga nywele na kuchanja chale ikamalizia "bila ya ugonjwa". Yaani mgonjwa katolewa kabisa kwenye laana hiyo.

Halafu kuna kisa cha pua yenyewe, na inanisikitisha watu wanatisha wenzao bila kukitaja. Arfaja bin As'ad alikatwa pua siku ya Kulab, vita vya zama za ujahiliya, akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kumtoa harufu mbaya, Mtume ﷺ akamwamrisha aweke ya dhahabu. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi na wengine. Dhahabu, ambayo mwanamume wa Kiislamu haruhusiwi kuvaa hata pete yake, hapa imeruhusiwa ili mja arudishiwe uso wake na aondokewe na udhia, sasa vipi wewe ambaye unarudishiwa pua yako mwenyewe, mfupa wako na gegedu lako (ule mfupa laini unaopindika), tena ile uliyozaliwa nayo kabla ya kiwiko?

Wanazuoni wa zama hizi nao hawakuliacha. Jopo la kimataifa la fiqhi ya Kiislamu lilikaa Malaysia mwaka 2007 likatoa azimio namba 173 kuhusu operesheni za urembo, na humo wametaja kwa jina kupinda sana kwa pua pamoja na mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa na vidole vya ziada kuwa inajuzu kurekebisha kama kunamletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi yenye uzito. Angalia, wamesema hata ya nafsi. Kijana anayeficha uso kila akipigwa picha, asiyethubutu kwenda kuposa, hatumwambii tu asubiri.

Sasa kuhusu pua yenyewe, maana muulizaji mwingine atasoma hapa na hali yake si kama yako. Pua juu, pale miwani inapokaa, ni mfupa, kuanzia hapo kushuka ni gegedu, na ndani kuna ukuta unaogawa matundu mawili. Kinaweza kupinda cha nje, kinaweza kupinda cha ndani, mara nyingi vyote. Wengine wanazaliwa hivyo, au pua inabanwa wakati wa kuzaliwa, wengine inapinda kadiri wanavyokua, wengine ni ajali au ngumi, wengine operesheni ya awali iliyokwenda vibaya, au maradhi yanayokula gegedu, na utumiaji wa kokeini nao unatoboa huo ukuta. Ukuta uliopinda kidogo tu bila kukusumbua uache, watu wengi wanao na hawajui.

Na wazazi nisikilizeni hapa. Mtoto akiumia pua usingoje ipone yenyewe ndio uone imekaaje. Mpeleke aangaliwe ndani, kwa sababu damu inaweza kujikusanya kwenye ule ukuta wa kati, unaona uvimbe laini mwekundu umeziba tundu moja au yote mawili, hiyo inatakiwa kutolewa haraka sana la sivyo gegedu linakufa na pua inabonyea. Yakitoka puani maji mepesi yasiyo na rangi na yasiyokoma baada ya kuumia kichwa, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mfupa uliovunjika daktari anasubiri uvimbe upungue siku chache kisha anaurudisha mahali pake, kwa mtu mzima kawaida ndani ya wiki 2 hivi na kwa mtoto mapema zaidi, ikipita hapo unakuwa umeshaunga na kazi inakuwa kubwa, kama ilivyokuwa kwako.

Dawa za kupuliza puani zinapunguza uvimbe wa ndani ukapumua nafuu, ni vizuri kujaribu kama kuna mzio, lakini haziwezi kunyoosha kitu. Zile za kuzibua haraka usizizidishe siku chache, pua inazizoea inaziba zaidi. Na vile vibanio wanavyouza mtandaoni eti unabana pua usiku inanyooka, hivyo achana navyo, hela yako bure.

Operesheni zipo ya kunyoosha ukuta wa ndani peke yake, ya kurekebisha umbo la nje, na ya vyote kwa pamoja ambayo kwa maelezo yako nadhani ndiyo daktari aliyoikusudia. Kabla ya kusaini muulize akuambie hatari zake waziwazi: kutoka damu, maambukizi, ukuta kutoboka, kunusa kupungua, na kwamba wengine wanalazimika kurudia. Pua iliyopinda miaka mingi ina tabia ya kutaka kurudi, kwa hiyo tarajia nafuu kubwa, usitarajie mstari wa rula. Uvimbe wa mwisho mwisho unaweza kuchukua mpaka mwaka.

Ibada zako usiziache. Omba operesheni ipangwe mapema asubuhi, na kipindi kitakachokupita ukiwa kwenye nusu kaputi utakilipa ukizinduka. Siku za plasta ukitawadha unaosha sehemu ya uso isiyofunikwa, juu ya plasta unapangusa tu, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii unaongeza tayamamu. Kupandisha maji puani utasamehewa mpaka daktari aruhusu. Kusujudu nako, kama amekukataza kuinama damu isije ikatoka, simama kama unaweza, kisha rukuu na sujudu zifanye kwa ishara ya kichwa kiasi unachoweza, maana Mtume ﷺ alimwambia Imran bin Husayn asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Ama dada yako, mwambie salamu zangu na umwambie kwa upole bila kumcheka. Pua pana inayopumua vizuri si kasoro, ndivyo Allah alivyomuumba na uso wake umepangwa nayo, kuikata ili ifanane na ya mtu aliyemuona kwenye simu huko ndiko kulikokatazwa, na azimio lile lile la 2007 limekataza operesheni za kubadilisha uso ili uonekane kwa sura fulani kwa kuiga wengine. Asihamie kwenye sindano za kujaza pua ili kuibadilisha umbo akidhani ni jambo dogo, dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu wa pua inaweza kuua ngozi au kumpofua jicho. Ila kama na yeye anaziba, au alishawahi kuumia hapo, basi akaonwe na daktari kwanza kisha aniandikie upya, hukumu yake itafuata hali yake. Na kama anajitazama kwenye kioo kutwa nzima anachukia uso ambao wengine hawauoni na ubaya wowote, huo nao ni ugonjwa unaotibika, mtafutieni mtu wa afya ya akili aongee naye, mkae naye karibu.

Wallahu aalam.