Mama alipoanza kuweweseka, nami nikasema ni uzee

Simu iliita saa tisa usiku. Alikuwa mdogo wangu, kutoka Muheza. "Dada, mama anamwita bibi aje amfungulie mlango." Bibi tulimzika mwaka 1991.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, mwaka wa 16 sasa. Ndugu wa mgonjwa angenipa habari kama hiyo, ningemwuliza maswali kumi kabla hajavuta pumzi. Lakini huyu alikuwa mama yangu, ana miaka 78, nami nikajibu kama jirani yeyote: "Uzee huo. Mpe chai, atalala." Nikavuta shuka. Aibu ya usiku ule ndiyo inayoniandikisha haya.

Nilifika kesho yake jioni, nikamkuta mama amefungwa mkono kwa kanga kwenye tendegu la kitanda. Simlaumu mdogo wangu. Usiku mama alikuwa ametoka peke yake hadi barabara ya malori. Shangazi alikuwa ameshamwita ustadhi aje kusoma. Jirani mmoja alikuwa na jina kabisa la mtu aliyemtupia mama kitu, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Tunajua vizee wangapi nchi hii, hasa wanawake, wameitwa wachawi au warogwa kwa sababu tu akili imeyumba.

Nilichouliza ni kimoja: imeanza lini?

"Alhamisi alikuwa anachambua mchele, anasimulia bei ya machungwa," shangazi akasema. "Jumamosi hamjui mjukuu wake."

Siku mbili. Sasa shika hili hata kama utasahau mengine yote: uzee hauingii kwa siku mbili. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huo unaoitwa dimenshia, huingia polepole kama kutu, kwa miezi na miaka. Mtu akibadilika ndani ya saa chache au siku chache, asubuhi anaongea vizuri na magharibi anagombana na watu ambao hamuwaoni, hiyo ni deliriamu. Wazee wetu walikuwa na neno lake siku zote: kuweweseka. Ni dharura, na chanzo chake mara nyingi kiko chini ya shingo: maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, haja kubwa iliyogoma, au dawa.

Kuna sura nyingine ya kimyakimya. Mzee analala mchana kutwa, anajibu neno moja, kijiko kinabaki mkononi. Nyumbani mnasema "leo ametulia, alhamdulillahi." Hii inatuponyoka hata sisi wa wodini.

Nikaomba nionyeshwe dawa zote anazomeza. Dawa ya presha, sawa. Na kifuko cha piriton kutoka duka la dawa, kwa ajili ya mafua, kutwa mara tatu, siku ya tano. Kijana akimeza piriton atasinzia tu. Kwa mzee, dawa hiyo hukausha mdomo, huzuia mkojo, hufunga tumbo, na huvuruga akili. Dawa za usingizi kama diazepam nazo huvuruga akili ya mzee, na ndizo watu hukimbilia kumpa mzee anayeweweseka ili "atulie". Kisha nikagundua kwamba kila siku mama alikuwa hanywi maji kuanzia alasiri, kwa sababu choo kiko nje na anaogopa kuanguka gizani. Haja kubwa, siku tano hajaiona. Joto la mwili lilikuwa la kawaida, na hilo lisikudanganye: mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa.

Ustadhi alisoma, tukaitikia amina, kisha tukaondoka kwenda hospitali. Sikuona sababu ya kugombana na shangazi. Kisomo hakikuchelewesha gari hata dakika kumi.

Mapokezi usiseme "mama anasahausahau". Ukisema hivyo utakaa kwenye benchi hadi adhuhuri, hata kama juu ya dirisha pameandikwa "Mzee Kwanza". Sema: "Juzi alikuwa na akili timamu, leo hajijui." Taja siku yenyewe. Beba dawa zake zote, hata za kienyeji, na umwombe daktari mkojo, malaria na sukari vipimwe.

Mkojo wa mama ulikuwa na maambukizi. Akapewa antibayotiki na maji ya mshipa, piriton ikaachwa. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya pale kitandani, na hiyo yeyote anaiweza. Mrudishie meno yake ya bandia na umvishe miwani yake; asiyeona vizuri huogopa zaidi. Mchana fungua madirisha, usiku zima taa kali. Sura iwe moja au mbili anazozijua, siyo ukoo mzima kuja kumwuliza "Mimi nani?" Mwambie wewe ni nani, mko wapi, ni saa ngapi. Akisema kuna watu darini usibishane wala usimwitikie, mwambie uko naye na mko salama. Maji kidogo kidogo kila saa, kumwinua atembee, kumpeleka chooni kabla hajaomba. Na usimfunge. Anayefungwa hupambana zaidi, na huumia. Kaeni kwa zamu.

Ilichukua karibu wiki tatu, na akili yake haikurudi yote. Baadaye kliniki walitueleza kwamba dimenshia ilikuwa imeshaanza chini kwa chini, na deliriamu ndiyo iliyoifichua. Hutokea hivyo mara nyingi. Wanaosema dimenshia ni ugonjwa wa Wazungu waende Hai, Kilimanjaro: watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi kule, waliukuta kwa takribani 6 katika kila 100.

Nigusie na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, maana huchanganywa na haya. Mzee mwenye sonona mara nyingi hasemi ana huzuni. Anasema mwili wote unauma, chakula hakina ladha, "mimi nangoja siku yangu." Mwulize waziwazi kama anatamani kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo, na ugonjwa wenyewe unatibika.

Ndoo yenye mfuniko sasa iko chumbani kwa mama, na taa ndogo ya sola. Anakunywa maji jioni.

Wiki ile ya tatu, akiwa anakunywa uji barazani, aliniuliza: "Yule mtu aliyenifunga mkono, mlimpata?"

Mdogo wangu aliinuka, akaenda jikoni.