Mwanangu, kuhusu ardhi ya babu kule ziwani

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo alfajiri. Umeniuliza mambo mawili: tukishauza ardhi ya babu kule ziwani, sisi tutarudi wapi, na kama kuuza hakuna budi, mbona nimeikataa ile bei kubwa na kuwaelekea watu wanaotoa karibu theluthi moja pungufu. Nimeona nisikujibu kwa simu. Kwenye simu ningelia, ungeanza kunibembeleza, na maswali yako yangebaki palepale.

Nianze na hili la kuuza. Ardhi ile si yangu peke yangu. Hati ina majina manne: langu, la mjomba wako mkubwa, la mama yako mdogo, na la mjomba wako marehemu. Babu yako alituachia bila kuigawa, kila mmoja robo, na robo hiyo haina mahali pake. Huwezi kusimama ukasema kuanzia mti huu hadi jiwe lile ni pangu. Kila mmoja wetu ana robo katika kila unyasi. Tulipokuwa vijana tuliliona jambo zuri mno. Wakili ndiye aliyetufumbua macho. Katika umiliki wa namna hiyo, mwenye hisa hata mmoja anaweza kwenda mahakamani kuomba ardhi igawanywe, na ikionekana haigawanyiki, iuzwe watu wagawane fedha. Na ukingo wa ziwa haugawanyiki. Upande mmoja una maji ya kina, upande wa pili ni kinamasi, na njia inaingilia sehemu moja tu. Mwisho wake ni mnada, na kwenye mnada anayepandisha bei ndiye anayechukua.

Mjomba wako mkubwa anataka sehemu yake. Usimkasirikie. Anaumwa, na hana mali nyingine ya maana. Mimi na mama yako mdogo tulijaribu kumnunulia hisa yake, tukapiga hesabu mara tatu, haikuwezekana. Robo ya marehemu sasa ni ya binamu zako watano, na yule wa mwisho bado ni mtoto kisheria, kwa hiyo hisa yake haiuzwi mpaka mahakama iridhike kwamba inauzwa kwa faida yake. Hilo peke yake limetuchukua miezi minane. Leo wenye hisa ni wanane. Tukiondoka sisi watatu wazee mtakuwa 13, wengine hamjawahi hata kuonana, na itatosha mmoja wenu kubanwa na deni. Nimeamua tuuze sasa, wakati bado nina nguvu ya kukaa mezani na kuweka masharti. Nikifa, masharti atayaweka mwingine.

Sasa ile bei kubwa. Yule bwana alikuja na michoro mizuri, akaitandaza juu ya meza yangu. Viwanja 24. Akaniambia, "Mama, tutausafisha ufukwe wote." Nikamuuliza kusafisha maana yake nini. Matete yatafyekwa, magogo yatatolewa majini, mchanga utamwagwa watu wapate pa kuogea. Kwenye mchoro ule mti ulioangukia ziwani, ule uliojifunzia kuogelea, ulikuwa umetiwa alama nyekundu kama kidonda.

Mwanangu, kile anachokiita uchafu ndicho ziwa lenyewe. Samaki wengi hutaga na kujificha wakiwa wadogo kwenye matete na katikati ya matawi yaliyozama. Huko Wisconsin, Marekani, watafiti waligawa ziwa dogo liitwalo Little Rock kwa pazia, wakaondoa sehemu kubwa ya magogo upande mmoja. Upande ule samaki wadogo wanaoliwa na wakubwa walipungua mno, na wale wakubwa wakaanza kudumaa kwa kukosa chakula. Hakuna aliyemwaga sumu. Waliondoa miti iliyokufa tu.

Na hapo sijafika kwenye vyoo. Nyumba 24 ni mashimo 24 ya maji taka, na bustani 24 za kuwekewa mbolea, zote zikiteremkia majini. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, wanasayansi walilikata ziwa katikati kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili waliweka kaboni na nitrojeni, lakini fosforasi waliiweka upande mmoja. Picha iliyopigwa kutoka angani inaonyesha nusu ya ziwa imekuwa kijani kibichi kwa mwani, nusu nyingine maji ya kawaida. Fosforasi hiyo ndiyo inayotoka kwenye kinyesi, kwenye baadhi ya sabuni, na kwenye mbolea. Ukanda wa matete na vichaka ndio unaoizuia kidogo isifike majini, na ukanda huo ndio aliotaka kuufyeka kwanza.

Unakumbuka sahani nyeupe na kamba yenye mafundo? Mlikuwa mkidhani ni mchezo wangu. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865 alishusha visahani vyeupe baharini kupima jinsi maji yalivyo maangavu, na hadi leo wanaopima maziwa hutumia njia hiyo: unaishusha sahani polepole mpaka isionekane, unahesabu umefika wapi. Mimi nilifunga fundo kila nusu mita. Mwaka aliofariki babu yako, sahani ilipotea kwenye fundo la 11. Mwaka jana nilipiga kasia hadi palepale, saa ileile ya mchana, jua liko utosini, nikaishusha. Ilipotea kwenye fundo la nane. Katikati hapo ng'ambo yote imejengwa. Nilikaa kwenye mtumbwi nikaishusha tena, na tena, nikidhani labda ni macho yangu. Siwezi kupokea fedha za mtu atakayeniletea fundo la nne.

Nikuambie pia kwamba sikukimbilia mnunuzi huyu wa pili. Kwanza nilitamani paokolewe na umma. Mwaka 1902 huko Uingereza, eneo la Brandelhow kando ya ziwa Derwentwater lilipokuwa linauzwa, lingeweza kujengwa nyumba. Shirika la National Trust likawaomba watu wachange, na zikapatikana paundi 6,500, nyingi kutoka kwa watu wa kawaida waliotuma walichonacho. Mpaka leo mtu yeyote anapita pale kwa miguu. Niliwaandikia mashirika mawili ya uhifadhi. Wote walipapenda, hakuna aliyekuwa na fedha za kununua kwa wakati ambao mjomba wako anaweza kusubiri. Lakini mmoja wao akanifundisha jambo ambalo sikulijua, na ndilo lililozaa mpango huu.

Nilikuwa nadhani nikiandika masharti kwenye mkataba wa mauziano yatatosha. Hayatoshi. Mkataba wa kawaida unawabana waliotia sahihi. Mnunuzi akimuuzia mwingine, yule mwingine anaweza kusema hayamhusu. Kinachotakiwa ni sharti lisajiliwe juu ya ardhi yenyewe, lisomeke kwenye hati, limfuate kila atakayeimiliki. Na sharti linahitaji mwenye kulisimamia, kwa maana mimi nitakufa na ninyi mtatawanyika. Shirika lile litakuwa ndilo lenye haki hiyo: litatembelea kila mwaka, litapiga picha, na likiona mtu amekiuka lina haki ya kwenda mahakamani. Ardhi iliyofungwa hivyo hushuka bei, kwa sababu mnunuzi ananunua na marufuku humohumo. Theluthi unayoiulizia imeenda huko.

Wanunuzi ni mume na mke, si vijana. Walikuja mara tatu, mara ya tatu mvua ikinyesha, wakakaa chini ya mti bila kusema. Wamekubali kwamba ardhi haitakatwa viwanja kamwe. Nyumba itakuwa moja, pale kilipo kibanda cha babu, mita 60 kutoka majini. Matete na miti iliyoanguka haitaguswa, isipokuwa upenyo wa mtumbwi uliopo. Na hapa ndipo swali lako la kwanza: sisi na wazao wetu tuna haki ya kupita kwa miguu mpaka kwenye ule mti ulioanguka, mchana, siku yoyote. Hiyo nayo inasajiliwa. Kulala hatutalala tena. Nilipigania hilo wiki mbili nikashindwa, na linaniuma kuliko yote. Usiku wa pale, mbalamwezi ikiwa juu na fisi maji wakipigiana mbinja kwenye matete, hautakuwa wetu tena. Sitakudanganya kwamba utakuwa.

Katika shughuli hii tumegundua pia kuwa ile njia tuliyopita maisha yetu yote haikuwa haki yetu. Ilikuwa hisani ya jirani. Babu yako alipeana naye mkono, basi. Ardhi isiyo na njia ya kisheria thamani yake huanguka, na wanawe wangeweza kuweka lango kesho. Nilikwenda kwake mwenyewe. Alisikiliza, akasema, "Baba yako asingehitaji karatasi, lakini nyinyi mtaihitaji," akatia sahihi. Hakutaka hata senti.

Lililobaki ni mipaka. Upande wa majini ni suala la maji yenyewe, yanapanda na kushuka. Wakili anasema katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, ufukwe ukijengeka au ukilika polepole, mpaka hufuata maji. Ukibadilika kwa ghafla, kama mafuriko yakimega, mpaka hubaki ulipokuwa. Kwa hiyo mpimaji atachora mstari wa maji ulivyo leo na kuandika tarehe, kusiwe na ubishi baadaye. Upande wa nchi kavu kuna mawe manne. Matatu tumeyaona. La nne, lile la upande wa kinamasi, limefunikwa na vichaka, na mjomba wako hakumbuki, nami pia sikumbuki.

Wewe ndiye uliyekuwa ukienda huko na babu kuvua. Uliwahi kuniambia mlikuwa mnakaa juu ya jiwe lenye msalaba uliochongwa, ukaniuliza nani kaburi lake. Naamini ni hilo. Mpimaji anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Njoo Ijumaa, tulale kibandani, na asubuhi utuonyeshe lilipo. Njoo na viatu vya matope.

Mama yako