Ndoo na sabuni ndiyo kazi nyepesi: tulivyowarudisha watu kanisani Pasaka ya 2021

Machi 2023, siku chache baada ya kutangazwa kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu wilayani Bukoba ni Marburg, wifi yangu alinipigia simu kutoka hukohuko Kagera. Naye ni katibu wa jumuiya, lile kundi dogo la Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, kama mimi. Pasaka ilikuwa Aprili 9 na baadhi ya watu wake walikuwa wameshaacha kufika kanisani. "Wifi, ninyi huko Dodoma wakati wa corona mlifanyaje?" Nikamtajia ndoo, sabuni, kukaa mbalimbali, madirisha wazi. Akashukuru, akakata simu. Nikabaki najiona kama nimemdanganya, maana hayo ya ndoo yalikuwa mepesi. Waliotutoa jasho ni watu.

Sisi Tanzania hatukufungiwa makanisa. Mgonjwa wa kwanza wa corona alitangazwa Machi 16, 2020, na Jumapili iliyofuata, Machi 22, Rais Magufuli akiwa kanisani hapahapa Dodoma alisema nyumba za ibada zitabaki wazi. Siku tano baadaye tukamwona Papa Fransisko kwenye televisheni, amesimama peke yake kwenye ule uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua inanyesha, hakuna mtu. Huku kwetu mlango uko wazi na kengele inagongwa kama kawaida. Lakini mabenchi yalipungua. Kila mmoja alijifungia kwa uamuzi wake: mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye mtoto mchanga, na mwenye woga tu, ambaye nao woga ni ugonjwa.

Nilichelewa sana kuelewa maana ya jambo hilo. Wenzetu waliofungiwa, siku mlango ulipofunguliwa walijua leo ndiyo leo, na aliyerudi hakuwa na la kuulizwa. Kwetu hiyo siku haikuwapo. Aliyekaa nyumbani mwaka mzima alikaa kwa hiari yake wakati jirani yake anaendelea kwenda Misa, kwa hiyo akitaka kurudi anarudi peke yake, mbele ya macho ya wote, na anajua kuna mtu atamwuliza, "Heee, ulikuwa wapi?" Woga wa corona ulikwisha mapema. Aibu ndiyo ilibaki.

Halafu ikaja ile miezi ya mwanzo wa 2021. Walioishi hapa wanaikumbuka: misiba mfululizo, na kila msiba neno ni lilelile, "changamoto ya upumuaji". Mwishoni mwa Januari maaskofu wetu waliandika kuwaonya waamini juu ya wimbi jipya. Mapema Machi, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, akasema zaidi ya mapadre 25 na masista 60 wamefariki ndani ya miezi miwili. Machi 17 nchi ikampoteza Rais, na Machi 22, mwaka mmoja kamili tangu yale maneno ya kanisani, umati ukajaa Uwanja wa Jamhuri hapa mjini kumuaga. Jumapili ya Matawi ilikuwa Machi 28. Hebu fikiri unawaandaa watu kwa Pasaka katikati ya hayo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa tangazo. Mwenyekiti alisimama baada ya Misa akasema wale wasioonekana siku nyingi wajitahidi kurudi. Waliosikia ni tuliokuwapo. Tukarudia Jumapili tatu, kana kwamba tatizo lilikuwa sauti.

La pili lilikuwa baya zaidi, na hilo ni langu. Nilipita nyumba kwa nyumba na daftari la jumuiya, lile lenye mahudhurio upande mmoja na michango upande mwingine. Nyumba moja mtoto alinifungulia geti akasema, "Mama hayupo." Pazia la sebuleni lilikuwa fupi, haligusi sakafu. Chini yake niliona miguu ya mama yake, kandambili za bluu, vidole vimekunjwa. Nikasema, "Haya, mwambie katibu alipita," nikaondoka. Njia nzima nilimkasirikia. Kufika nyumbani nikaitazama ile daftari mkononi mwangu. Mama wa watu biashara yake ya kuuza sare za shule ilikufa shule zilipofungwa, anadaiwa michango ya mwaka, na mimi nimemfuata nayo mpaka mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukienda kumtembelea aliyepotea, daftari liache nyumbani. Hata kalamu. Michango ina siku yake. Na usimwulize alikuwa wapi, hata kwa utani, hata kama mnajuana tangu utotoni. Msalimie, kaa, kunywa maji ukipewa, ongea habari za mvua na bei ya mahindi. Kabla ya kuaga, mwombe kitu ambacho kweli mnakihitaji. Nasema kweli, kwa sababu mtu anajua akipewa kazi ya kubembelezwa. Yule mama wa sare nilimrudia wiki iliyofuata nikamwambia makanzu ya watumikiaji, wale watoto wanaomsaidia padre altareni, yamechanika na Pasaka hiyo inakuja. Yalikuwa yamechanika kweli, mengine mpaka kwapani. Alishona 12. Siku ya Matawi alikuja "kuangalia kama yamewakaa vizuri". Hakuna aliyemwuliza lolote, maana niliwaonya mapema.

Jumuiya nayo ilitusaidia kuliko kanisa lenyewe. Tuliacha kusali sebuleni, tukawa tunakutana nje chini ya mwarobaini, viti mbalimbali. Aliyeogopa kukaa ndani na watu mia nne aliweza kuketi nje na watu kumi na wawili. Kutoka hapo kwenda kanisani ni hatua fupi. Redio Maria iliwashika wengi mkono kwa mwaka ule na sina neno baya juu yake, ila wapo waliozoea Misa ya redioni huku wanachambua mchele. Hao hawarudi kwa kuelezwa teolojia. Hurudi kwa kuwakumbuka watu.

Sasa hayo ya usafi, maana najua kuna anayesoma akiyangoja. Ulizeni kwanza ugonjwa unaenea vipi, msinakili tu ya mwaka ule. Corona ilitutaka hewa, kwa hiyo madirisha na kukaa nje vilikuwa na maana kuliko kitu kingine. Marburg huenea kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, kwa hiyo hatari yake kubwa iko kwenye kuuguza na kuosha maiti. Nilimpigia wifi tena kumwambia hilo: aende kwa watu wa afya wa wilaya kabla hajanunua ndoo hata moja. Na ndoo ikiwekwa iwekewe mtu wa kuijaza. Yetu ilikuwa inakauka kabla Misa ya kwanza haijaisha, watu wanapita wanaigusa koki kavu, wote, mmoja baada ya mwingine. (Kuhusu kujifukiza sisemi kitu. Nilijifukiza mpaka uso ukababuka.)

Ibada za Juma Kuu zikibadilika, waelezeni watu kabla. Mwaka 2020 Roma iliagiza kuosha miguu Alhamisi Kuu kuachwe, na Ijumaa Kuu msalaba ubusiwe na padre peke yake. Mwaka ule hatukueleza, na mama mmoja alipofika mbele aliinama akaubusu tu, na waliomfuata wote wakabusu. 2021 Baba Paroko aliliongelea jambo hilo wiki mbili mfululizo, na watu wakapiga goti mbele ya msalaba bila shida.

Komunyo ya mkononi ilihitaji uvumilivu zaidi. Wazee wetu wengi walikuwa wamezoea kupokea kwa ulimi maisha yao yote. Kwenye semina ya Jumamosi, bibi mmoja mkulima wa mtama alimfungulia katekista viganja vyake. Vilikuwa na nyufa, na udongo umeingia kwenye nyufa ambako maji hayaufikii. "Hii ndiyo ya kumshika Yesu? Jana ilikuwa kwenye samadi." Hakuwa anatania, machozi yalikuwa karibu. Katekista akamwambia kwamba katika karne ya 4 Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu aliwafundisha waamini wake waufanye mkono wa kushoto kuwa kiti cha enzi kwa mkono wa kulia, kwa kuwa unampokea Mfalme. Bibi akafikiri. "Na hao wa Yerusalemu walikuwa wanalima?" Katekista akasema bila shaka walilima. Wakafanya mazoezi kwa vipande vya karatasi vilivyokatwa duara, kwa namna ya siku hizi: kushoto juu, kulia chini, chukua, kula hapohapo mbele ya padre, usiondoke nayo. Mara tano, sita. Katekista mwingine angesema "ni agizo" akapita, na bibi huyo angebaki nyumbani kwa unyenyekevu wake mwenyewe.

Mkesha wa Pasaka nauweka peke yake kwa sababu ulikaribia kutuletea balaa. Masomo tulipunguza: kwa kawaida ni saba ya Agano la Kale, taratibu zinaruhusu matatu, ila lile la Kutoka sura ya 14, la kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Wapo walionung'unika. Mimi nilishukuru, barakoa usoni saa tatu si mchezo.

Balaa lenyewe lilikuwa mlangoni. Jumamosi Aprili 3 usiku, moto mpya umebarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka umewashwa, taa za kanisa zimezimwa. Nimesimama na chupa ya kitakasa mikono, kila anayepita nampulizia viganja, na hatua tatu mbele anawashiwa mshumaa wake. Sikufikiri. Kijana mmoja wa kwaya hakusubiri mikono ikauke. Akaukinga mshumaa kwa kiganja usizimwe na upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua, mara kiganja kikashika mwali wa bluu, mwembamba, kimya kabisa. Akajipiga kwenye paja mara mbili ukazimika. Ngozi ilikuwa nyekundu tu, namshukuru Mungu. Lakini aliyemfuata alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, amefunikwa kitenge. Kitakasa mikono ni spiriti. Usiku wa Mkesha tumieni maji na sabuni basi, na chupa zote zifungiwe sakristia, kile chumba anachovalia padre.

Nimalizie na mzee mmoja wa jumuiya yetu, msomaji wa somo la kwanza kwa miaka mingi. Alimzika mkewe Februari 2021. Baada ya matanga hakuonekana tena. Nilikwenda kwake bila daftari, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akanionyesha kigoda. Tulikaa karibu saa nzima. Yeye anabangua karanga, mimi natazama kuku. Kanisa sikulitaja. Nilipoinuka nikamwambia, "Mzee, vijana wanatafuta kuni za moto wa Mkesha. Mara ya mwisho walileta mbichi, tukala moshi." Akageuza kichwa kutazama rundo lake nyuma ya jiko. "Vijana hawajui kuni," akasema. Basi, nikaaga.

Jumamosi saa kumi na moja jioni akaingia uwanja wa kanisa na baiskeli, mzigo wa mgunga mkavu umefungwa kwa mpira nyuma. Akasema anashusha tu anarudi. Akazipanga. Kisha akageuza ndoo moja, akaikalia, akidai watoto wataziiba. Saa mbili usiku bado yuko pale. Kijana akaja na chupa ya mafuta ya taa, mzee akasimama. "Weka hiyo chini!" Akapiga magoti, akachomeka nyasi, akapuliza, na moto ukashika kabla Baba Paroko hajafungua kitabu.

Maandamano yalipoanza alikuwa ndani yake, kama aliyesombwa na maji. Alipofika kwangu mlangoni nikanyanyua chupa. Akaficha mikono nyuma. "Mimi usinipulizie, mwanangu. Natoka kwenye moto."

Nikadhani ni ukaidi wa uzeeni, nikampisha apite. Nyuma yake alikuwa yule kijana wa kwaya.